Tathmini mbili za mradi mmoja: huduma ninayoipendekeza, na malalamiko yangu matatu

Mradi ninaouratibu umetathminiwa mara mbili ndani ya miaka mitatu, kila mara na kampuni tofauti ya washauri waelekezi. Ni mradi wa kawaida: vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, mafunzo ya biashara, na lengo lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye andiko la mradi kwamba utaleta usawa wa kijinsia katika kaya na katika jamii. Kwa kuwa wenzangu wa mashirika mengine wamekuwa wakiniuliza ni kampuni ipi kati ya hizo mbili inafaa kupewa kazi, nimeona heri nieleze kwa kirefu mara moja. Majina sitayataja, kwa sababu ninachokipima ni aina ya huduma, na aina zote mbili zinauzwa kila mahali. Jibu langu fupi ni kwamba ningeichukua tena kampuni ya pili, lakini safari hii ningekuwa mkali zaidi wakati wa kuandika mkataba.

Kampuni ya kwanza, iliyofanya tathmini ya katikati ya mradi, haikuwa na kasoro ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Ilifika kwa wakati, ikagawa madodoso, ikazungumza na wenyeviti wa vikundi, ikawasilisha ripoti siku ile ile iliyotajwa kwenye mkataba. Ripoti ilipangwa kwa kufuata vigezo vya kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, vile vilivyotolewa vitano mwaka 1991 na kufikishwa sita mwaka 2019 kwa kuongezwa kigezo cha mshikamano na kazi za wengine. Ni vigezo vizuri, ila washauri wale walivitumia kama masanduku ya kujaza, na jinsia ikapata ukurasa mmoja tu, ambao ulikuwa na idadi ya wanawake waliohudhuria mafunzo, mchoro wa duara, na sentensi iliyosema kwamba mradi umezingatia usawa kikamilifu kwa kuwa walengwa wake wote ni wanawake. Mkurugenzi wetu aliisoma muhtasari, akaisaini, ikapelekwa kwa mfadhili, na nakala yetu ikaingia kabatini. Sikumbuki kikao hata kimoja ambacho mtu aliifungua tena.

Haki itendeke, lawama si yao peke yao. Hadidu za rejea tulizowapa, yaani maelezo ya kazi tunayotaka ifanywe, ambazo niliziandika mimi, zilikuwa na maneno machache tu kuhusu jambo hilo: «tathmini izingatie masuala ya jinsia». Mtu akiomba hivyo, hupewa ukurasa mmoja.

Kampuni ya pili ilianza kwa kutuudhi. Tuliwapelekea hadidu za rejea za tathmini ya mwisho, tukitarajia watatuma bajeti na ratiba, badala yake wakaomba kikao na mkurugenzi, na katika kikao hicho kiongozi wa timu akauliza swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake: nani hasa atatumia matokeo haya, kuamua nini, na uamuzi huo utafanyika lini? Wanaoifahamu taaluma hii watatambua hapo mkono wa Michael Quinn Patton, mtaalamu wa tathmini ambaye tangu mwaka 1978 amekuwa akishikilia kwamba tathmini ihukumiwe kwa namna inavyotumiwa na watu waliokusudiwa kuitumia. Kulijua wazo hilo ni jambo moja, na kuketi mbele ya mtu anayekataa kuanza kazi mpaka umtajie uamuzi wako ni jambo jingine kabisa. Ilituchukua wiki mbili. Mwishowe tulitaja maamuzi matatu ambayo bodi ilikuwa iyafanye ndani ya mwaka huo: masharti mapya ya mikopo, ratiba ya mafunzo, na muundo wa kamati ya mikopo. Maswali yote ya tathmini yakapangwa kuyazunguka hayo matatu, na maswali mengine tuliyoyapenda, yakiwemo yangu mawili, yakatupwa. Wakati ule niliona tunapotezewa muda. Leo nakiri kwamba zile wiki mbili zilikuwa sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika huduma nzima, na kama kuna jambo moja la kudai kutoka kwa mshauri yeyote kabla hajalipwa, ni hilo.

Jambo la pili walilotaka ni kamati ya ushauri yenye wanawake wanne kutoka vikundini, na wakasisitiza kwamba wasiwe wenyeviti wote, kwa sababu mwenyekiti huwa amezoea kuzungumza na wageni na anajua wageni wanapenda kusikia nini. Wanawake hao walipewa dodoso likiwa bado rasimu, likasomwa kwa sauti swali moja baada ya jingine. Walipofika kwenye swali letu tulilolipenda, «Je, kipato chako kimeongezeka tangu ujiunge na kikundi?», mmoja wao akasema kwamba hilo atalijibu ndiyo, na wote watalijibu ndiyo, ila halitawaambia wageni kitu. Likaondolewa. Mahali pake pakawekwa mfululizo wa maswali kuhusu nani anashika fedha, nani anaamua itumike wapi, na nini hutokea mwanamke akikataa. Mwaka 1999 Naila Kabeer, mtafiti wa jinsia na maendeleo, aliandika kwamba uwezeshaji una sehemu tatu zisizotengana, yaani rasilimali, uwezo wa kuamua na kutenda, na matokeo ya maisha yanayotokana na hayo. Wanawake wanne wale, ambao hawakuwahi kumsoma, walikuwa wanatuondoa kwenye sehemu ya kwanza na kutusukuma kwenye ya pili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilifuatana na wahoji siku mbili, nikiwa nimekubali sharti la kutofungua mdomo. Katika kaya moja mama mkwe aliketi karibu na mkwewe na kuonyesha wazi kwamba hana nia ya kuondoka. Mhoji hakumwomba aondoke; mhoji mwenzake alimgeukia yule mama, akamwambia kwamba maoni yake nayo yanahitajika sana, akaenda kumhoji upande wa pili wa nyumba kwa dodoso lake mwenyewe. Ndipo mahojiano ya kweli yakaanza. Mwanamke aliulizwa kama ana akaunti ya kutunzia fedha kwa simu, akajibu kwamba anayo, imesajiliwa kwa jina lake. Katika ripoti zetu za robo mwaka jibu hilo lilitosha kuhesabiwa kama mafanikio. Mhoji akaendelea: simu iko wapi sasa hivi? «Ameondoka nayo.» Namba ya siri aliichagua nani? Mwanamke alicheka kidogo, akasema kwamba hajawahi kuibonyeza hata mara moja, mumewe humwambia tu salio lililobaki. Nilikuwa nimeshatuma kwa mfadhili taarifa kadhaa zenye kiashiria kile cha wanawake wanaomiliki akaunti, na kila mara kilikuwa kimepanda.

Zoezi lililonigusa zaidi lilikuwa la saa ishirini na nne. Wanawake walichora duara kubwa chini, wakaligawa kwa saa, kisha wakaweka kokoto kwa kila kazi wanayoifanya. Wanaume walifanya vivyo hivyo kando, peke yao. Kokoto zilikuwa zimehesabiwa sawa kwa makundi yote mawili. Za wanawake ziliisha kabla duara halijafika jioni, na ikabidi mtu aende kuokota nyingine. Kwamba wanawake hubeba mzigo mkubwa wa kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa si habari mpya. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wao hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi hizo duniani. Habari mpya kwetu ilikuwa rundo moja la kokoto lililokaa kwenye saa kumi alasiri. Lilikuwa la mafunzo yetu. Wanawake walieleza kwamba kazi za saa hiyo hazikuondoka kwa sababu wao wamekwenda darasani, bali zilihamia usiku, na kwamba baadhi waliacha kuhudhuria si kwa kukosa hamasa, kama tulivyokuwa tukiandika, bali kwa kukosa usingizi. Mradi wa kumpunguzia mwanamke mzigo ulikuwa umeirefusha siku yake.

Hapo ndipo ubora wa mshauri hujulikana, kwa sababu matokeo ya namna hiyo hayana mwenyewe na kila mtu hutamani yalainishwe. Sisi tulitamani kweli: funika kombe mwanaharamu apite. Kampuni hii iliyapima matokeo kwa ngazi tano zinazotumiwa na ofisi ya tathmini ya UNDP, yaani Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, kuanzia matokeo yaliyorudisha nyuma usawa, yale yasiyoiona jinsia kabisa, yale yanayohesabu tu idadi ya wanawake na wanaume, yale yanayojibu mahitaji yao tofauti, hadi yale yanayogusa mizizi ya ubaguzi wenyewe, yaani mila, nani ana mamlaka, na sheria zinasema nini. Faida ya kipimo hicho ni kwamba hakitoi alama moja kwa mradi mzima. Kila tokeo huwekwa kwenye ngazi yake. Akiba za vikundi ziliwekwa ngazi ya nne. Akaunti za simu zikawekwa ngazi ya tatu. Ratiba ya mafunzo ikawekwa ngazi ya kwanza, kwenye ripoti yenye nembo yetu. Mkurugenzi alipinga, na kikao kikawa kirefu. Walikubali kubadili maneno mahali pamoja, ambapo tulikuwa na kumbukumbu zinazoonyesha kwamba walikosea kuhusu muda wa mafunzo katika kikundi kimoja. Kwingine kote walisema kwa upole kwamba hatujaleta ushahidi, na maneno yakabaki. Ninasifu upole huo kama ninavyosifu huo ukaidi, maana nimewaona washauri wenye kimoja wakikosa kingine.

Niseme jambo pembeni. Mifumo mingi ya kukagua ubora wa tathmini za kijinsia, ukiwemo ule ambao Umoja wa Mataifa umeutumia tangu mwaka 2012 kuyapima mashirika yake, hutoa alama nyingi kwa kuangalia ripoti ilivyoandikwa: mbinu zake, maswali yake, takwimu zilizotenganishwa kwa jinsia. Ni ukaguzi wenye manufaa, na ripoti yetu ya kwanza isingepita hapo. Lakini ripoti inaweza kupata alama za juu na bado wanawake waliohojiwa wasijue iliandika nini.

Kwa hiyo sehemu ninayoiweka mbele ya zote baada ya zile wiki mbili ni marejesho. Kabla rasimu haijaitwa ripoti, timu ilirudi kwa vikundi vyote vilivyohojiwa, ikasoma matokeo kwa sauti kwa lugha wanayoizungumza, ikauliza ni wapi pamekosewa. Rasimu ilisema kwamba wanawake wengi hawaombi mikopo mikubwa kwa sababu wanaogopa kushindwa kurejesha, na pendekezo lake lilikuwa mafunzo zaidi ya kujiamini. Mwanamke mmoja alinyanyua mkono akasema: «Mkopo hatuuogopi. Tunaogopa sahihi.» Akaeleza kwamba mkopo unaozidi kiwango fulani ulihitaji sahihi ya mume, na kwamba sahihi hiyo ilikuwa na bei yake nyumbani, mara nyingine nusu ya mkopo wenyewe. Chumba kizima kikaanza kusema kwa pamoja. Sharti hilo tulikuwa tumeliweka sisi, kwa nia ya kuhakikisha mikopo inarejeshwa. Pendekezo la mafunzo ya kujiamini lilifutwa siku hiyo hiyo, na mahali pake pakaandikwa kwamba bodi iondoe sharti la sahihi. Kama marejesho yangefanyika baada ya ripoti kukamilika, kama ilivyo desturi ya washauri wengi ambao hata hayo marejesho huyahesabu kuwa ni hisani, tungekuwa sasa hivi tunawafundisha wanawake ujasiri ambao tayari walikuwa nao.

Sasa malalamiko. La kwanza ni zito na sitalizunguka. Baada ya vikao vya vikundi, kampuni iliandaa kikao cha pamoja kilichowaleta wake na waume zao, na katika kikao hicho kisa cha simu na namba ya siri kilisimuliwa kama mfano. Jina halikutajwa, lakini maelezo yalikuwa mengi kiasi kwamba waliomjua walimjua, na mumewe alijijua. Kulikuwa na ugomvi nyumbani usiku huo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 miongozo kuhusu utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake majumbani, na sharti lake la kwanza ni kwamba usalama wa wanaohojiwa na wa wahoji huja kabla ya kila kitu. Tathmini yetu haikuwa ya ukatili, na ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba sharti hilo linatuhusu. Linahusu tathmini yoyote inayouliza nani anaamua nyumbani. Timu haikuwa na mpango wa usalama wala orodha ya mahali pa kumpeleka mtu anayehitaji msaada, na tulipouliza, walijibu kwamba mkataba haukutaja. Walifika kumwona yule mwanamke na kumwomba radhi, jambo ambalo nalihesabu kwa heri, lakini radhi haiurudishi usiku ule.

La pili ni kwamba neno «wanawake» katika ripoti limebeba watu wengi mno. Wajane, ambao hawakuwa na mume wa kuwasainia, walijikuta ndani ya wastani mmoja na walioolewa, ingawa sharti la sahihi liliwafungia mlango kwa namna tofauti kabisa. Wanawake wenye ulemavu wametajwa katika utangulizi tu. Na waliojitoa vikundini, ambao pengine ndio wangetueleza mengi kuliko wote, hawakutafutwa kabisa, kwa hoja kwamba hawakuwa tena kwenye daftari.

La tatu ni dogo: ripoti ilikuwa na kurasa nyingi kupita kiasi, na muhtasari wa kurasa mbili ambao wanavikundi wangeweza kuushika mkononi ulichelewa mpaka nikaandika barua tatu.

Licha ya hayo, jambo linalonifanya niipendekeze kampuni hii ni ziara moja iliyokuwa ndani ya mkataba tangu mwanzo: kurudi miezi sita baada ya ripoti. Washauri wengi kazi yao huisha siku ripoti inapopokelewa, na malipo ya mwisho hufungwa siku hiyo hiyo. Hawa waliacha sehemu ya malipo yao isubiri ziara hiyo. Mara baada ya ripoti menejimenti ilijaza jedwali la majibu, kila pendekezo na mhusika wake na tarehe, na nakala ikabandikwa ofisini na kupelekwa kwa vikundi. Kujua kwamba kuna watu watakaorudi kulisoma jedwali hilo mbele ya wanawake kuliifanya menejimenti yetu iwe na mbio ambazo sikuwahi kuziona. Sharti la sahihi liliondolewa na bodi katika kikao chake cha kwanza. Mafunzo yamehamishiwa asubuhi, yamefupishwa, na kuna mtu wa kuangalia watoto. Vikundi viwili vimeamua vyenyewe kwamba waume wachukue zamu ya kazi za nyumbani siku za mafunzo, na kimoja kati ya hivyo kinaliandika hilo kwenye daftari la mahudhurio, pembeni ya jina la kila mwanachama. Kiashiria cha umiliki wa akaunti kimefutwa, na tunauliza sasa nani anayejua namba ya siri. Kiwango kimeshuka sana, na mfadhili alituandikia kutaka maelezo, tukampelekea ukurasa wa ripoti unaohusika.

Kwa yeyote atakayewapa kazi, namshauri aandike mwenyewe kwenye hadidu za rejea mpango wa usalama, makundi ya wanawake yatakayotenganishwa kwenye takwimu, na namna ya kuwapata waliojitoa. Wakiombwa watafanya, wasipoombwa, hawatajisumbua.

Katika ziara ile ya miezi sita, walisoma jedwali mstari kwa mstari mbele ya kamati ya ushauri, nasi tukiwa tumeketi pembeni. Mapendekezo sita ya kwanza yalikuwa yametekelezwa au yalikuwa na tarehe inayoeleweka. La saba ndilo lililotaka wanawake wawili kutoka vikundini waingie kwenye kamati ya mikopo wakiwa na haki ya kupiga kura, na mbele yake palikuwa pameandikwa «linafanyiwa kazi». Yule mwanamke aliyezungumzia sahihi aliuliza ni kazi gani inayofanyika. Mkurugenzi alitazama karatasi zake kwa muda. Leo asubuhi nimelipita jedwali hilo ukutani, na maneno ni yale yale.